Hita Hatuitumii, Lakini Mipira Yake Ndiyo Inayomwaga Maji

Maswali ya wasomaji: gari na gereji

Assalamu alaykum. Nina Noah ya mwaka 1998, injini ya 3S, napeleka wageni Nungwi na Paje. Wiki iliyopita mpira mmoja mwembamba unaoingia kwenye dashibodi umepasuka nilipokuwa karibu na Kitogani, maji yote yakamwagika. Fundi ananambia tuikate mipira yote miwili tuizibe kwa bolti, maana hita Zanzibar ya nini? Nimfuate? Na nikiamua kubadilisha, nibadilishe huo uliopasuka tu?
*Dereva, Fuoni*

Wa alaykum salaam. Usizibe kwa bolti, na usibadilishe mmoja.

Gari hizi zilitengenezewa nchi yenye theluji, na maji ya hita ni maji yaleyale ya injini. Injini ikiwa baridi themostati huwa imefunga njia ya rejeta, na hufunguka maji yakifika kiasi cha nyuzi 82. Muda wote huo maji yanazunguka ndani ya injini, na sehemu yake inapita kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi kisha inarudi kwenye pampu. Kwa hiyo hata kama hujawahi kuigusa swichi ya hita tangu uinunue gari, mipira ile imekuwa ikibeba maji ya moto na presha kila siku. Mfuniko wa rejeta ya Toyota wa aina hii kwa kawaida umeandikwa 0.9, yaani mfumo mzima unafanya kazi kwa presha ya karibu 0.9 bar. Mpira wa hita unabeba presha hiyo sawa na mpira mkubwa wa rejeta, na tofauti ni kwamba huu mwembamba hauonekani, kwa hiyo haukaguliwi.

Bolti ina mabaya yake matatu. Meno yake yanaukata mpira kutoka ndani. Kichwa chake kinashika kutu. Halafu kipande kilichozibwa kinakuwa kichochoro kisicho na mzunguko, hewa inajificha humo, na kwa baadhi ya injini maji ya nyuma ya hedi, yaani kichwa cha injini, hayatembei tena kama yalivyokusudiwa. Ukikwama njiani, bora uunganishe: toa mpira unaotoka kwenye injini, uutie moja kwa moja kwenye njia ya kurudi, ili maji yaendelee kuzunguka. Hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani, na inaweza kukaa hata wiki, lakini hita ina kazi kwetu pia. Wakati wa masika kioo kikishika ukungu, AC pamoja na hewa ya moto ndiyo inayokausha haraka. Na geji ya joto ikianza kupanda kwenye foleni au mlimani, fungua hita yote na feni namba ya juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita inakuwa rejeta ya pili na mshale mara nyingi hurudi chini, ukapata muda wa kufika mahali salama.

Kuhusu kubadilisha mmoja: mipira yote iliyotoka na gari hiyo ina umri mmoja, imepita miaka 25, na imekula joto moja. Chukua ule uliopasuka, upasue kwa wembe toka ncha hadi ncha, uufungue kama unavyofungua dagaa. Nje utauona bado mweusi na mzuri. Ndani, hasa sentimita tano za mwisho pale klipu ilipokaa, utakuta mistari ya nyufa inayokwenda kwa urefu, kama udongo wa bonde la mpunga uliokauka. Maji ya injini yanayogusa metali tofauti hupitisha chembe ya umeme, na umeme huo hula mpira kwa ndani hadi kwenye nyuzi. Ndiyo maana kuutazama kwa nje hakutoshi. Injini ikiwa imepoa kabisa, bana kila mpira kwa vidole karibu na klipu, halafu ubane katikati. Pale mwisho pakiwa laini kuliko katikati, au ukisikia kitu kinakwaruza ndani, huo umekwisha. Mpira uliokuwa mgumu kama plastiki umeungua kwa joto. Uliovimba na kuteleza umeguswa na oili, na hapo tafuta kwanza oili inavuja wapi, la sivyo utaweka mpya nao utavimba vilevile.

Sasa ununuzi. Usimwambie muuzaji "nipe mpira wa hita wa Noah" ukaondoka. Pima bomba lenyewe kwa venia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene: mengi ya Toyota ni milimita 16 kwa nje, ambayo dukani huitwa 5/8, na mengine ni milimita 19, yaani robo tatu. Mpira wa 19 ukaulazimisha kwenye bomba la 16 kwa kukaza klipu, unajikunja ndani na kuacha njia ya maji pembeni. Ukingo wa mpira uliokatwa uonyeshe nyuzi katikati ya tabaka mbili za mpira, na ubavuni patafutwe maandishi ya EPDM, aina ya mpira unaostahimili maji ya moto, au SAE J20, kiwango cha mipira ya maji ya injini. Mpira wa petroli unafanana sana kwa macho lakini haukutengenezwa kwa maji ya moto. Mpira wa bustani wenye nyuzi zinazoonekana ndiyo usiuguse kabisa: ukifika nyuzi 80 unalainika na kuchomoka wenyewe. Mpira uliotundikwa juani mbele ya duka miezi mingi nao uache. Ukunje kidogo, ukiona vistari vidogo juu ya mkunjo, tafuta duka jingine.

Noah ina mipira mingine yenye kona za kiwandani. Pale kona ilipo kali, mpira ulionyooka utabonyea kama mrija wa madafu uliokunjwa, na maji hayatapita. Nunua wenye kona yake, au tumia kona ya brasi na klipu mbili. Viungo vya plastiki viache, vinapasuka kwa joto bila kukupa dalili.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Acha gari ipoe saa mbili au zaidi. Fungua mfuniko wa rejeta ukiwa na tambara, kisha fungua koki ya chini na ukinge maji kwenye beseni safi. Yapime kwa lita ukiyatia dumuni, uandike. Noah injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua viti, piga picha ya kila mpira ulivyopita, ndiyo uanze kufungua.

Pale kwenye rejeta ya hita ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Vile vibomba viwili vinavyotokeza ni vyembamba na vimechomelewa kwenye rejeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mpira wa miaka 25 umegandia pale. Ukiushika kwa plaisi ukauzungusha kwa nguvu, kinachozunguka ni bomba, na hapo kazi ya mipira imegeuka kazi ya kushusha dashibodi nzima. Usivute. Chana mpira kwa wembe kwa urefu, taratibu, bila kukwaruza bomba, kisha umenye kama ganda la ndizi. Bomba likiwa na unga mweupe, sugua kwa msasa laini kwa kuzunguka, si kwa urefu, maana mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa kuvujia.

Tia klipu kwenye mpira mpya kabla hujauvisha. Lowesha ncha kwa kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, au maji ya sabuni uteleze wenyewe. Usipake grisi wala oili, vinaila EPDM. Usipake silikoni ya gasketi, maana vipande vyake vinakatika na kwenda kuziba rejeta ya hita. Mpira uvuke ule uvimbe ulio mwishoni mwa bomba, na klipu ikae nyuma ya uvimbe, milimita 3 hadi 5 kutoka ncha ya mpira. Klipu ikikaa juu ya uvimbe inauminya mpira mahali pamoja na kuukata. Kama bado una klipu za springi za kiwandani na hazijaliwa na kutu, zirudishe hizohizo, kwa kuwa mpira ukisinyaa nazo zinafuata. Za kukaza kwa bisibisi, acha kukaza pale mpira unapoanza kuchomoza kidogo kwenye matundu ya klipu. Zaidi ya hapo unabonyeza bomba. Baada ya siku mbili tatu za safari, injini ikiwa baridi, zipitie tena.

Kujaza maji ndiko kunakoamua kama kazi imefaulu. Simamisha gari pua ikitazama juu ya mlima, fungua hita ya mbele na ya nyuma upande wa moto. Tia kulanti polepole kwa mfuniko uliofunguliwa, huku unaminyaminya mpira wa juu wa rejeta. Washa injini, iache hadi mpira wa chini wa rejeta upate moto, ishara kwamba themostati imefunguka. Povu litapanda, maji yatashuka, ongeza. Hita ikitoa hewa ya moto mfululizo, hewa imeshatoka. Ikitoa moto kisha baridi, bado kuna mfuko wa hewa. Mwisho linganisha: zimetoka lita ngapi, na uliyopoteza barabarani ni kiasi gani, zimeingia ngapi? Ikipungua lita moja, hiyo lita moja ni hewa iliyo mahali fulani ndani ya injini. Kesho yake asubuhi angalia tenki la akiba kabla hujawasha.

Jambo la mwisho, kwa sababu ulikwama Kitogani. Geji inapima joto la maji. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza hata kushuka huku hedi ya alumini inaungua na kupinda. Ukiona mshale umepanda kisha umeanguka ghafla, zima hapohapo. Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Ndani ya gari weka nusu mita ya mpira wa 16, kiungo kimoja cha brasi, klipu nne, bisibisi na lita tano za maji.

Mimi naendesha Hiace ya dizeli Chake hadi Mkoani. Maji yanapungua kila siku kiasi cha nusu lita, mipira ya mbele yote mipya. Jana nimelala chini ya gari nikaona mabomba mawili ya chuma yanayokwenda nyuma yana kutu na majimaji. Naweza kuyachomelea?
*Dereva, Pemba*

Yale ni mabomba ya hita ya nyuma. Usiyachomelee: bomba likishaliwa na kutu hadi kuvuja, unene wake uliobaki ni wa karatasi, na moto wa kuchomelea utafungua tundu jingine sentimita chache mbele. Kagua pale yaliposhikwa na vishikizo vya bodi. Matope yenye chumvi hukaa kati ya kishikizo na bomba, hayakauki, na kutu huanzia hapo hapo mahali ambapo jicho halifiki. Gari zinazoshuka pwani kupakia samaki huharibika upande huo mapema zaidi.

Una njia mbili. Kama hita ya nyuma huitaki, fuata mabomba hadi mbele, utakuta kwenye njia ya kwenda na ya kurudi kuna kiungo cha njia tatu. Toa viungo vyote viwili, uweke kiungo kilichonyooka cha brasi kila upande. Hita ya mbele itabaki inafanya kazi na maji yatazunguka kama kawaida. Usiache kiungo cha njia tatu na kukifunga mdomo mmoja kwa kipande cha mpira na bolti, tumeshasema kwa nini. Utahitaji viungo viwili na klipu nne. Baada ya hapo mfumo utachukua maji machache kuliko yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usishangae.

Kama unaitaka, toa chuma chote na upitishe mpira wa EPDM, ukiufunga kwa vishikizo vyenye mpira kila sentimita 40 hadi 50, mbali na ekzosi kwa upana wa kiganja au zaidi. Milima ile ya kuelekea Mkoani haina huruma na dizeli inayopungua maji, kwa hiyo usiendelee kuongeza nusu lita kila asubuhi ukadhani umelimaliza.

Kapeti ya upande wa abiria imelowa. Mwenzangu anasema ni hita, mimi nasema ni AC. Tutajuaje?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Chovya kidole. Maji ya AC ni meupe, hayanati, hayana harufu, na yanakuja ukiwa umewasha AC tu. Mrija wake wa kutolea maji umeziba kwa vumbi, uzibue kwa upepo. Maji ya hita yananata yakikauka, yana harufu tamu, yana rangi ya kulanti, na kioo cha mbele kinashika utandu wa mafuta mafuta kwa ndani. Usiyaonje. Kulanti ni sumu.

Tuna Coaster tuliyoigeuza nyumba: vitanda, jiko, na tangi la maji ya kuoga linalopashwa moto na maji ya injini. Imesimama Jambiani muda mrefu. Tunataka kubadilisha mipira yote ya kwenda nyuma. Tununue mita ngapi, na tuangalie nini?
*Wenye nyumba ya wageni, Kusini Unguja*

Pitisha kamba pale mpira utakapopita, si kwa mstari ulionyooka, kisha zidisha kwa mbili na uongeze mita moja na nusu. Kwa Coaster mara nyingi mtafika mita 14 au 15. Hesabu klipu kwa kuhesabu ncha: kila ncha ya mpira klipu moja, kila kiungo katikati klipu mbili, na muwe na nne za ziada. Msiunganishe vipande vipande kwa sababu dukani kuna mita tano tu. Kila kiungo kilicho chini ya sakafu ni mahali pa kuvuja ambapo mtapaona mwisho.

Mpira wa milimita 16 unabeba lita 0.2 kwa kila mita, wa 19 karibu 0.28. Mita 14 za ule wa 16 zina lita 2.8. Hizo ni lita mtakazohitaji juu ya kiasi cha injini, na ndizo zitakazomwagika sakafuni mkikata bila kukinga.

Gari ya aina hii inataka vitu viwili ambavyo Coaster ya kawaida haina. Cha kwanza ni koki mbili za brasi, moja kwenye njia ya kwenda na moja ya kurudi, mahali dereva anapozifikia bila kuingia chini ya gari. Mpira wa nyuma ukipasuka, anazifunga zote mbili, anajaza maji, safari inaendelea kwa hita ya mbele peke yake. Cha pili ni kitundu cha kutolea hewa mahali pa juu kabisa pa mpira, kwa kawaida pale unapopanda kuingia kwenye tangi. Bila hicho hewa itakaa hapo na tangi halitapata moto hata mkisafiri hadi Nungwi.

Mpira unapotoboa sakafu uvalishwe pete ya mpira, ukingo wa bati huukata kwa mtikisiko. Na tangi lenyewe mlikague kabla ya kununua chochote. Ndani yake kuna bomba la kuzunguka linalobeba maji ya injini, na nje ya bomba hilo ni maji ya kuoga. Likitoboka, pampu ya kuoga ambayo ina nguvu kuliko mfumo wa injini husukuma maji upande wa injini, na dalili yake ni tenki la akiba la kulanti kujaa lenyewe. Pampu ikizimwa na injini ikiwa moto, kulanti huweza kurudi kwenye maji ya kuoga. Mkiona rangi yoyote kwenye bomba la kuogea, mgeni asitumie maji hayo wala kupiga mswaki nayo. Hata likiwa zima, maji yake hufika nyuzi 80 na kuunguza ngozi, kwa hiyo pawe na koki ya kuchanganya na ya baridi kabla ya bafu.

Hapa hakuna baridi ya kugandisha maji. Kwa nini nisitie maji ya kisima tu?
*Msomaji, Chwaka*

Kwa sababu ya jiwe tulilokalia. Maji ya visima vya Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na ya karibu na pwani yana chumvi pia. Chokaa ni ule ukoko mweupe uliomo ndani ya birika lako. Ukishika kwenye rejeta ya hita na kwenye hedi, joto halitoki. Chumvi inakula alumini. Kulanti kwetu ni dawa ya kutu na mafuta ya sili ya pampu. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri yaliyosafishwa, yale yasiyo asidi, au nunua iliyochanganywa tayari. Ikishuka chini ya theluthi moja, kinga ya kutu inakuwa dhaifu. Rangi haina maana moja kwa viwanda vyote, soma maandishi. Ukibadilisha aina, suuza mfumo mpaka maji yatoke meupe, maana aina mbili zikigombana hutengeneza ute unaoziba njia.

Gereji yangu iko karibu na kisima cha jirani. Kulanti chafu niimwage wapi?
*Fundi, Bumbwini*

Usiimwage chini. Ardhi ya matumbawe inapitisha maji haraka, na unachomwaga leo kinaweza kufika kisimani bila kuchujwa na udongo. Pia ina utamu unaowavuta watoto, paka na mbuzi, na kiasi kidogo kinaua figo. Mtoto akinywa, apelekwe hospitali wakati huohuo hata kama anacheza vizuri, usisubiri dalili.

Iliyotoka safi na haijatimiza miaka miwili, ichuje kwa kitambaa na uirudishe kwenye gari ileile. Ya kahawia itie kwenye dumu lenye mfuniko, uandike SUMU kwa rangi, uiweke juu mahali pasipofikiwa na mtoto, na uulize baraza la mji wako taka za namna hiyo zinapokelewa wapi. Usiichanganye na oili chafu. Ikimwagika sakafuni usiisukume kwa maji, mwagia vumbi la mbao, liache linywe, kisha lizoe ulitie kwenye mfuko uliofungwa.